Springi ya nyuma kwenye baskeli: tafuta namba kwanza, mengine baadae

Nikisimama na baskeli pale Wete hakukosi mtu wa kuniuliza lile springi nene chini ya siti la nini, na wale wanaozijua baskeli kidogo wao wana suala jengine, kwamba mbona wenzako wote wana shokapu za upepo zimekaa nyembamba na nyepesi na wewe umerudi kwenye chuma kama Vespa. Nimeshajibu mpaka nimechoka, mara kwenye baraza, mara kwenye simu, mara barabarani jua la saa saba linatuunguza, kwa hivo leo naandika yote hapa na atakaeniuliza tena namtumia linki.

Jawabu fupi ni kwamba kwa njia zetu za huku Pemba, mizizi ya mikarafuu kila hatua mbili, vijimawe, makorongo ya mvua, vilima vifupi vifupi lakini vimesimama, springi ya chuma inafanya kazi ambayo upepo hauifanyi vizuri kama hivo. Shokapu ya upepo ina sili za mpira zinazobana ili upepo usitoke, na zile sili zina msuguano wake, kwa hivo kijizizi kidogo hakina nguvu ya kuiamsha, unakihisi mgongoni. Springi haina mambo hayo, ukiigusa imeshaanza kuzama. Halafu haina pampu, haina valvu ya kuvuja, ukiiacha miezi ukaenda zako Unguja ukirudi utaikuta vile vile. Na hilo la mwisho wallahi kwa mtu anaekaa mahala ambapo pampu ya shokapu kuipata ni kuomba mtu akuletee, si jambo dogo.

Ubaya wake nao uko wazi. Nzito, springi ya chuma inaongeza kama nusu kilo hivi. Inanesa zaidi ukipiga pedeli. Na kubwa kuliko yote, upepo ukiona mgumu unapunguza, ukiona laini unajaza, dakika mbili umemaliza, lakini springi ina ugumu mmoja tu ulioandikwa ubavuni, ukitaka mwengine ununue springi nyengine. Sasa mtu wa Ulaya anaingia dukani anajaribu tatu anachukua moja, sie huku springi moja inakuja na mtu anaetoka Uingereza au Oman likizo, au inashuka Dar halafu ndo inapanda boti, ukikosea namba hapo ni kusubiri mpaka mwakani. Ndo maana mie siku zote nasema kazi ya springi inafanyika kabla ya kununua, kwa kalamu na karatasi, na zile komeo za kuzungusha, vile vifundo vya kurekebishia shokapu ambavyo watu wanavipenda sana, ni mambo ya baadae kabisa.

Kabla ya hesabu lakini uitazame fremu yako. Fremu za nyuma zinazozama haziko sawa. Ziko ambazo mwanzo zinakuwa laini na kadri zinavyozama zinazidi kukaza, hizo na springi ni ndugu. Na ziko ambazo ugumu wake ni ule ule mwanzo mpaka mwisho, zimetengenezwa zikitegemea upepo ndo ukaze mwishoni, maana upepo ukibanwa sana unakaza wenyewe. Ukiitia springi ya chuma fremu ya namna hii kila ukiruka kijituta inagota, yaani shokapu inafika mwisho wake kwa kishindo. Watengenezaji wengi siku hizi wanaandika kabisa kwenye maelezo ya baskeli kama fremu inakubali springi au haikubali, kwa hivo soma hapo kwanza, na wakiandika haikubali basi haikubali, usibishane na mtu aliyeichora.

Haya, hesabu. Unahitaji vitu vitatu: uzito wako, mwendo wa gurudumu la nyuma, yaani linapanda kiasi gani mpaka mwisho, na stroki ya shokapu, yaani shafti yake inaingia kiasi gani mpaka mwisho. Stroki inaandikwa kwenye saizi. Shokapu ya 230 kwa 60 maana yake urefu kutoka tundu la boliti mpaka tundu la boliti ni milimita 230 na stroki ni milimita 60. Mwendo wa gurudumu unaupata kwenye maelezo ya baskeli, tuseme milimita 150. Gawa 150 kwa 60 unapata 2.5, na hiyo 2.5 ndo levareji, kwamba gurudumu likipanda milimita mbili na nusu shokapu inazama milimita moja, na kwa upande wa nguvu ni kinyume chake, kilo moja chini kwenye gurudumu inakuwa kilo mbili na nusu kwenye shokapu. Ndo maana shokapu ya baskeli ina springi nene vile ingawa wewe mwenyewe huna uzito wa kutisha.

Uzito upime na vitu vyako vyote. Viatu, kofia, begi, maji, spana, kama unabeba tyubu la akiba nalo lipime. Mie nilipanda kwenye mizani ya kupimia karafuu, watu walicheka sana lakini mizani ile ni ya kweli, inapimiwa pesa za watu. Na kama wenye mizani hawana haraka fanya jambo jengine ambalo wengi hawalifanyi, weka gurudumu la nyuma juu ya mizani na la mbele juu ya ubao wa kimo kile kile, mtu akushikie, panda usimame kwenye pedeli kama unavyosimama ukishuka mlima, usome. Hapo umepata uzito unaokwenda nyuma wewe mwenyewe, maana ile asilimia 65 inayoandikwa kila mahala ni ya kukadiria tu, mtu mrefu na mfupi hawakai sawa juu ya baskeli. Kumbuka tu kwamba mizani inasoma na uzito wa baskeli pia, kwa hivo isome kwanza bila ya wewe halafu utoe.

Tuseme jumla yako na mizigo ni kilo 74. Asilimia 65 ni kilo 48. Zidisha kwa 2.5 unapata 120, hizo ndo kilo zinazoikalia shokapu. Sasa sagi, yaani kiasi ambacho shokapu inazama ukishapanda tu hujaenda popote, kwa springi tunataka asilimia 30 hivi ya stroki, watu wanacheza baina ya 28 na 33. Asilimia 30 ya milimita 60 ni milimita 18. Kilo 120 gawa kwa 18 ni 6.67, yaani kila milimita moja ibebe kilo 6.67. Springi zinaandikwa kwa ratili kwa inchi, kwa hivo zidisha kwa 56 unapata 373.

Hapo sasa. 373 haiuzwi. Springi nyingi zinakwenda kwa hatua ya 50, kwa hivo una 350 na una 400. Ukiirudisha hesabu nyuma, 400 itakupa sagi ya karibu asilimia 28 na 350 itakupa 32, yaani zote mbili zimo. Kampuni chache zinatoa hatua ya 25, ukiipata 375 mwanana kabisa, lakini mara nyingi utachagua moja katika mbili. Rai yangu mie kwa huku kwetu, kama unapenda kuruka na una fremu inayoanza laini chukua ngumu, na sababu ipo: ile 2.5 ni wastani wa mwendo wote wa gurudumu, fremu za namna hiyo mwanzoni levareji yake iko juu zaidi ya wastani, kwa hivo sagi ya kweli itazidi ile uliyoipata kwenye karatasi. Kama wewe mtu wa kupiga pedeli masafa, unatoka Wete unakwenda Konde mpaka msitu wa Ngezi unatokea Vumawimbi, kukaa juu ya siti saa nzima, chukua laini utanishukuru.

Nimeona watu wanapita mkato, wanauliza tu "we kilo ngapi, umetia ngapi" halafu wananunua hiyo hiyo. Haiwezekani yakhe. Mtu wa kilo 74 kwenye baskeli yenye levareji ya 2.5 na mtu wa kilo 74 kwenye baskeli ya levareji 3 hawavai springi moja, yule wa pili ukimfanyia hesabu ile ile anakwenda mbali kabisa, hata stroki zao zikiwa sawa.

Sasa kuna hizi springi za mitumba zinazokuja kwenye makontena, maandishi yameshafutika au yamepakwa rangi juu. Mtu anaishika anaitazama anasema hii ni kama ile yangu. Usiamini jicho. Ugumu wa springi unakwenda na unene wa waya kwa kipeo cha nne, yaani waya ukizidi unene kwa asilimia 10 tu, upana na idadi ya mizunguko ikibaki ile ile, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Springi ya 400 inakuwa karibu 600 na wewe kwa jicho huoni tofauti, ni chini ya milimita moja. Pima unene wa waya kwa venia, kile kipimo cha fundi chenye taya mbili, pima upana, hesabu mizunguko inayocheza, uilinganishe na nyengine unayoijua namba yake, hapo utapata makisio ya maana. Hata zilizoandikwa zisikudanganye sana, springi za bei rahisi namba ya ubavuni na ugumu wa kweli mara nyingi haviko pamoja, kwa hivo neno la mwisho ni sagi utakayoipima wewe.

Na tafadhali sana, fundi akikwambia springi ikiwa ndefu tunakata mzunguko mmoja, chukua springi yako uondoke. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, maana waya unaofanya kazi umepungua, halafu ule mwisho wake uliosagwa bapa ili ukae vizuri juu ya ringi umeshauondoa, springi itakaa upande na kuisukuma shafti pembeni.

Kwenye springi kuna namba ya pili pia ambayo watu hawaisomi. Imeandikwa 400 kwa 65, ile 65 ni kiasi springi yenyewe inachoweza kubanwa kabla mizunguko haijagusana. Lazima iwe sawa au izidi stroki ya shokapu yako. Springi ya 65 kwenye shokapu ya 60 haina neno ikiwa urefu wake unaingia, lakini ya 55 kwenye shokapu ya 60 utakuja kuibana chuma kwa chuma na kitakachovunjika si springi. Upana wa ndani nao unatofautiana baina ya kampuni na kampuni, uulize kabla hujalipa.

Kufunga ni kazi nyepesi. Springi ya gari inataka kile chombo cha kuibana, hii ya baskeli haitaki, unaifungua ile ringi ya kukazia mpaka springi ilegee yenyewe, unatoa kile kikombe au klipu ya kuizuia, inatoka kwa mkono. Lakini kabla hujaitia springi mpya fanya hivi: funga shokapu tupu bila ya springi kwenye fremu, halafu inyanyue nyuma ya baskeli na uizamishe kwa mkono mpaka mwisho wa safari yake polepole, huku unachungulia kila pembe. Kile kichupa cha pembeni cha shokapu kinagusa fremu? Komeo inagonga chupa ya maji? Mkono wa nyuma unakutana na mahala? Ukishaitia springi huwezi tena kuifanya kazi hii kwa mkono, na springi ni pana kuliko shokapu ya upepo uliyoitoa, mahala palipokuwa na nafasi ya kidole huenda pasiwe na nafasi ya karatasi. Boliti kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu au kwenye kitabu chake. Fundi wa Vespa akiwa na spana ya kupimia muazime, na kwa kweli mafundi wa Vespa ndo watu wanaoelewa haraka kuliko wote habari hii, shokapu ya springi kwao si kitu kigeni.

Prilodi sasa, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanapoharibu. Prilodi ni ile ringi yenye nyuzi inayoibana springi kabla hujapanda. Izungushe mpaka iguse springi tu, springi isicheze ukiitingisha kwa mkono, halafu ongeza mzunguko mmoja. Basi. Ikizidi sana iwe miwili. Kampuni nyengine zinaandika mwisho wake kwenye kitabu, fuata hiyo.

Kuna jamaa yangu mmoja wa Mkoani alikuwa na springi laini kuliko uzito wake, na kila ikigota anaongeza prilodi, anaongeza, mpaka nyuzi zikawa zinakaribia kwisha, na bado inagota. Ingekosaje? Prilodi haibadilishi ugumu wa springi hata chembe. Springi ya 350 ukiibana mizunguko sita ni 350 ile ile. Kinachobadilika ni pale inapoanzia tu. Kila milimita moja ya prilodi inakupunguzia milimita moja ya sagi, kwa hivo kwa macho sagi itaonekana imekaa sawa, asilimia 30 mashaallah, lakini kule chini kwenye kugota bado iko laini na huku juu umeiharibu. Tazama namba: springi ya 400 kila milimita inataka kilo 7, ukiipa prilodi ya milimita 5 ni kilo 35 kwenye shokapu, gawa kwa levareji ni kama kilo 14 kwenye gurudumu, yaani gurudumu likiwa limeshuka mpaka mwisho, kitu chochote kinacholigusa kwa nguvu ndogo kuliko hiyo shokapu haikijui. Ule ulaini wa mwanzo ulioinunulia springi umeutupa. Na gurudumu likinyanyuka hewani shokapu inarudi inapiga ngo, kila mara ngo, ngo. Ndo nikasema mwanzo namba kwanza. Ikiwa inabidi uzungushe zaidi ya miwili kupata sagi, springi si yako, tafuta inayofuata juu, na ikiwa ringi inagusa tu na sagi bado ni ndogo basi tafuta ya chini.

Kupima sagi yenyewe kwenye springi kuna taabu yake kidogo, kwa sababu shokapu ya upepo ina oringi, kijiringi cha mpira kwenye shafti, inakuonyesha, hii shafti imejificha ndani. Mie napima kwa tepu ya fundi cherehani, kutoka katikati ya boliti ya juu mpaka katikati ya boliti ya chini. Kwanza baskeli tupu bila ya mtu, andika. Halafu uvae vitu vyako, fungua kompresheni zote, yaani komeo zinazozuia kasi ya shokapu kuzama, komeo ya kupandia mlima iwe wazi, simama karibu na ukuta uegemee kwa kiwiko kidogo tu, miguu yote juu ya pedeli, mikono kwenye usukani, nesa mara mbili tatu ili vitu vikae, halafu tulia na mtu wa pili apime. Tofauti ya namba mbili hizo ndo sagi yako. Wengine wanapima wamekaa, wengine wamesimama, chagua moja na ubaki nayo, maana ukikaa uzito unakwenda nyuma zaidi na namba inakuwa kubwa. Mie napima nimesimama kwa sababu nikiwa kwenye njia mbaya ndo nilivyo. Na umpe kazi ya kupima mtu mzima, watoto wa mtaani wanakuja kumi wote wanataka kushika tepu na kila mmoja anasoma namba yake.

Usiisahau mbele. Foku ya upepo, ile shokapu ya mbele inayoshika gurudumu, watu wengi wanaiweka sagi ya asilimia 15 mpaka 20. Ukiilainisha sana nyuma na mbele umeiacha ngumu, baskeli inakaa imechuchumaa, ukipanda kilima gurudumu la mbele linatangatanga.

Ribaundi ndo komeo ya kwanza ya kushughulika nayo ukishamaliza sagi. Kwa Fox na RockShox ni ile nyekundu. Kazi yake ni kuzuia kasi ya shokapu inaporudi juu baada ya kuzama, ukiizungusha kulia kama saa inakwenda polepole zaidi, kushoto haraka. Springi ngumu inasukuma kwa nguvu zaidi kwa hivo inataka kuzuiwa zaidi, ndo maana ukibadilisha springi ribaundi nayo inabidi uianze upya. Ifunge mpaka mwisho kwa ulaini, usilazimishe, halafu irudishe nyuma ukihesabu klik mpaka katikati. Shuka ukingo wa barabara umekaa kwenye siti, wa kawaida tu, si ngazi za skuli. Sikiliza matako yako, wallahi ndo kipimo: izame, irudi, ipitilize kidogo mara moja, itulie. Ikinesa mara mbili mara tatu ongeza kuzuia. Ikirudi kwa uvivu kama mgonjwa anaenyanyuka kitandani, fungua.

Lakini ukingo wa barabara ni wa kuanzia tu, mizizi ndo inasema kweli. Mikarafuu mikubwa mizizi yake inapita juu ya ardhi, na njia ikipita baina ya mikarafuu unapata mizizi sita saba mfululizo kwenye mteremko. Ribaundi ikiwa polepole sana, mzizi wa kwanza shokapu inazama, kabla haijarudi wa pili umeshafika, inazama zaidi, wa tatu, wa nne, na ukifika wa sita huna shokapu tena, umekaa juu ya chuma. Watu wanahisi hivo wanasema springi ngumu, wanakwenda kununua laini, kumbe shida ni komeo nyekundu. Ikiwa haraka sana nako siti inakupiga kwa nyuma unahisi unatupwa mbele. Mie nabadilisha klik moja, napita njia ile ile kasi ile ile, nabadilisha tena. Klik moja, si nne. Na nikienda Unguja, njia za Masingini hazihitaji mabadiliko makubwa, lakini ukienda upande wa mashariki na kusini, Jambiani, Makunduchi, maweni kule, mawe ya matumbawe madogo madogo yenye meno kila sentimita, hapo nafungua ribaundi klik moja au mbili ili gurudumu lipate kurudi chini haraka. Kule hata hivo kinachokuliza kwanza ni mipira, jiwe lile linachana ubavu wa mpira na hakuna springi duniani itakayokusaidia.

Kompresheni sina mengi. Mara nyingi ni buluu, anzia wazi kabisa, ukiona inanesa mno ukipiga pedeli basi funga klik mbili tatu. Ikiwa na ile komeo ya kupandia itumie barabara ya lami na vilima virefu, na ukumbuke kuifungua juu. Shokapu nyengine zina kompresheni ya kasi ndogo na ya kasi kubwa, ile ya kasi kubwa iache ilivyokuja mpaka ujue khasa unachokitafuta. Sie huku hatuna mlima wa kushuka nusu saa mpaka mafuta ya ndani yachemke, vilima vya Pemba vinakwisha kabla hujachoka kushangilia.

Kugota mara moja moja ni sawa, hata ni vizuri, maana unautumia mwendo wote wa shokapu. Ndani kuna kiraba cha kugotea kwenye shafti, na shokapu nyengine unaweza kukisukuma juu kwa kidole kupitia baina ya mizunguko ya springi, ukirudi kutoka njiani unakiona kimesukumwa mpaka wapi. Ikigota kila safari na sagi yako ni sahihi na prilodi haijazidi, basi funga kompresheni kidogo, na ikishindikana ndo uifikirie springi ya hatua inayofuata, au zile springi ambazo zinakaza mwishoni, zipo lakini bei yake shika moyo.

La mwisho ni chumvi, maana huku kila kitu kinamalizikia kwenye chumvi. Springi ya chuma imepakwa rangi, na rangi inaanza kutoka pale ncha zake zinaposuguana na ringi, hapo kutu ndo inapoingia. Kila nikifungua napaka grisi nyembamba kwenye ncha zote mbili, inazuia kutu na inaondoa ule mlio wa kukwaruza pia. Za titani hazishiki kutu na ni nyepesi, lakini pesa yake unanunua baskeli nyengine ya kwendea sokoni. Ukipita ufukweni, na najua utapita maana Vumawimbi mtu hawezi kuikataa, osha kwa maji baridi ya kisima siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Nasema maji baridi nikimaanisha yasiyo na chumvi, kwa sababu visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi chumvi, ukioshea hayo umeongeza tu. Usipeleke pale wanapooshea magari wakakupigia ile mashine, maji ya nguvu yanaingiza mchanga ndani ya sili. Shafti ifute kwa kitambaa safi kikavu, mchanga wa matumbawe ukikaa pale unaikwaruza na ikishakwaruzika mafuta yataanza kuvuja. Usiipulizie zile dawa za kulainisha cheni.

Na kile chombo chenyewe, ile silinda yenye mafuta, usimpe mtu aifungue hapa. Ndani mna gesi ya naitrojeni imetiwa kwa presha kubwa, ikifunguliwa na asiyejua inaweza kumrukia mtu usoni. Springi toa tia upendavyo, bushi, zile pete za kwenye matundu ya boliti za shokapu, badilisha mwenyewe, lakini mafuta na gesi ni kazi ya mwenye vifaa vyake. Bushi ndo zinakwisha mwanzo, utajua kwa kuishika siti na kuinyanyua kidogo juu chini, ukisikia inagonga tik tik kabla gurudumu halijanyanyuka basi zimelika. Ukiagiza springi agiza na bushi pamoja, pima upana wa pale inapokaa na unene wa boliti, mzigo mmoja safari moja.

Mie ninayo springi ya 450 kwa 65 imekaa tu kabatini, ilikuja na baskeli na kwangu ni ngumu. Kama yupo mtu mzito zaidi yangu ana 375 au 400 ya stroki hiyo hiyo haitumii, aandike hapo chini tubadilishane, hata kama yuko Unguja tutapeana kwenye boti.